Siku za Foleni ni Siku za Kazi

Hotuba iliyotolewa Mbeya, mbele ya wamiliki wa malori, madereva na mawakala wa forodha

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vyama vya wasafirishaji, mawakala wa forodha, madereva wenzangu, mabibi na mabwana, ninawasalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wamiliki wa malori wanaulizana kila wanapokutana: kwa nini madereva wazuri wa masafa marefu ni wagumu kupatikana, na kwa nini hata wanaopatikana hawakai. Niliendesha semi-trela katika barabara hii ya Dar es Salaam na Tunduma kabla sijaanza kuwafundisha vijana udereva, na wengi wa niliowafundisha wameingia katika kazi hii wakiwa na hamu kubwa, kisha wakaiacha wakiwa bado na nguvu zao. Nimewauliza sababu. Majibu yao yanafanana kuliko nilivyotarajia, na ndiyo yaliyonileta hapa.

Tatizo la upungufu wa madereva linazungumzwa duniani kote. Umoja wa Kimataifa wa Usafirishaji wa Barabarani, IRU, uliripoti mwaka 2023 kwamba katika nchi 36 ulizozichunguza zilikuwapo nafasi za udereva wa malori zaidi ya milioni 3 zisizo na watu. Uingereza, mwezi Septemba 2021, vituo vya mafuta vilikauka ilhali mafuta yamejaa katika maghala, kwa kuwa madereva wa kuyasambaza hawakutosha, na serikali ya huko ikalazimika kutangaza viza 5,000 za muda kwa ajili ya madereva wa kigeni. Lakini tusiazime maelezo ya watu wa Ulaya tukadhani yanatutosha. Wao madereva wao wanazeeka na vijana wao ni wachache. Sisi tuna vijana wengi wanaotafuta kazi usiku na mchana, na wengi wao wanaliona lori kuwa ni chombo cha heshima. Ikiwa nchi yenye vijana wengi namna hii inakosa madereva, basi sababu lazima itafutwe ndani ya kazi yenyewe, yaani katika namna tunavyoipanga na namna tunavyoilipa.

Hoja yangu ni moja. Dereva wa masafa marefu analipwa kwa safari, lakini maisha yake yanaliwa na kusubiri, na siku za kusubiri hazina bei. Mambo mengine mengi yanamsumbua, na nitayagusa, lakini hili ndilo linalomfanya mtu mwenye akili timamu na ujuzi wa miaka kumi akabidhi funguo.

Tuitazame safari yenyewe. Gari linapakia bandarini Dar es Salaam, tuseme salfa au mitambo ya migodini, likielekea Kolwezi, mji wa migodi huko Congo. Linapita mizani ya Vigwaza na ya Mikese, linavuka hifadhi ya Mikumi, linapanda mlima wa Kitonga, linafika Makambako, linapita hapa Mbeya, linapimwa tena Mpemba, ndipo linaingia Tunduma. Hizo ni zaidi ya kilomita 900, na dereva mzoefu mwenye gari zima anazimaliza kwa siku chache bila kujiumiza. Kuanzia Nakonde, upande wa Zambia, anakwenda Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola na Chililabombwe hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, kisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ukijumlisha saa ambazo magurudumu yanazunguka, hesabu haitishi. Kinachotisha ni saa ambazo gari limesimama. Gari linasimama bandarini likisubiri zamu ya kupakia, linasimama Tunduma likisubiri nyaraka, linasimama Kasumbalesa katika foleni ambayo kila dereva aliyemo humu ukumbini anaijua, linasimama tena nje ya lango la mgodi likisubiri kushusha, na baada ya hapo linasimama likitafuta shaba ya kurudi nayo. Safari moja inameza wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya wiki hizo dereva hajagusa usukani.

Sasa tuangalie namna anavyolipwa. Katika kampuni nyingi dereva ana mshahara mdogo wa mwezi, na juu yake anapewa posho ya safari ambayo imepangwa kabla hajawasha injini. Posho hiyo ni ile ile, safari iishe kwa siku 15 au kwa siku 40. Humo humo anakula, ananunua maji ya kunywa na ya kuoga, analipia choo, analipa mlinzi wa usiku ili asinyonywe mafuta au asikatwe turubai, na anashughulika na vijana wa foleni wanaodai chochote ili gari lisogee. Kila siku inayoongezeka mpakani inapunguza kitu alichokuwa awatumie watoto wake. Akifika nyumbani mikono mitupu, mkewe hawezi kuelewa, na kusema kweli hata mimi nilipokuwa katika hali hiyo sikuwa na maneno ya kumweleza mtu yeyote ni wapi fedha ilikokwenda.

Wakati huo huo, ndugu zangu, kila kitu kingine katika safari hiyo kina bei ya kila siku. Kampuni ya meli inahesabu siku za kontena lake na inatoza likichelewa kurudi. Mwenye lori, kama mkataba wake umeandikwa vizuri, anamtoza mwenye mzigo tozo ya ucheleweshaji pale gari linapozuiwa mgodini kupita siku walizokubaliana. Benki inahesabu riba ya mkopo wa gari bila kuuliza kama lilikuwa linatembea au limesimama. Mzigo una bima yake, na eneo la kuegesha lina tozo yake. Binadamu anayekaa ndani ya kebini, ambaye bila yeye hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosogea, ndiye peke yake ambaye siku yake ya foleni imehesabiwa kuwa si kitu. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika vikao vingi nilivyokaa nimesikia tozo ya ucheleweshaji ikijadiliwa kwa kina mpaka senti ya mwisho, na sijasikia mtu akiuliza ni kiasi gani cha tozo hiyo kitamfikia dereva aliyecheleweshwa.

Mfumo huu unazaa tabia ambazo baadaye tunazilaumu kama vile zimetoka hewani. Mtu ambaye siku zake tano zimepotea Tunduma atataka kuzifidia barabarani. Ataendesha usiku kucha, atakunywa vinywaji vya kumfukuzia usingizi, na akifika kwenye mteremko wa Inyala au wa Mbalizi akiwa na tani zake zote nyuma yake, atakuwa na macho mazito na breki zilizochoka. Sisi wakazi wa Mbeya hatuhitaji kukumbushwa ni misiba mingapi imeanza katika miteremko hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, ukiondoa saa za ziada zinazoruhusiwa, na apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Simjui dereva wa safari za Congo ambaye ratiba yake ilipangwa kwa kuitazama sheria hiyo. Anapangiwa tarehe ya kufika, na namna ya kuifikia anaachiwa mwenyewe.

Tabia ya pili ni kuuza mafuta. Sitetei wizi wa mafuta, na vijana ninaowafundisha wanajua kwamba kwangu mwizi wa mafuta hana nafasi. Lakini tuseme ukweli mbele ya wamiliki: ziko kampuni ambazo zinapanga posho ndogo zikijua kabisa kwamba dereva atajazia kutoka kwenye tenki, kisha zinamfukuza siku anayokamatwa. Huo ni mpango wa kumlipa mtu kwa dhambi yake, na mtu mwaminifu hawezi kukaa ndani yake muda mrefu. Anaondoka yeye, anabaki yule ambaye dhamira haimsumbui, na mwaka unaofuata mmiliki analalamika kwamba madereva waaminifu wameisha.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani, na ni kweli kwa kiasi chake. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa rasmi Oktoba 2019, kimeondoa ulazima wa kukaguliwa mara mbili na pande mbili, na wanaokumbuka hali ya kabla yake wanajua tofauti. Lakini foleni ni kiumbe kinachohama. Ikifupishwa Tunduma, inarefuka Kasumbalesa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, madereva walikuwa watu wa kwanza kushukiwa: walisubiri majibu ya vipimo ndani ya magari yao, walikataliwa huduma katika miji ambayo siku zote iliishi kwa fedha zao, na mwezi Mei mwaka huo Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde. Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapime kwa kulipia dola 30, waligoma, malori yakajipanga kwa kilomita nyingi kutoka mpaka wa Malaba kurudi nyuma ndani ya Kenya, na katika siku chache bei ya petroli ikapaa Uganda. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki. Ninachotaka mkione ni kwamba uchumi wa nchi nzima ulitikisika kwa sababu madereva walisimama, na bado watu wale wale ndio tunaowachukulia kwamba wakiondoka watapatikana wengine kesho asubuhi.

Hatari za njiani nazo zina uzito wake. Septemba 2016, madereva wa Kitanzania waliokuwa wamepeleka mizigo Namoya, mashariki mwa Congo, walitekwa na waasi wa Mai Mai na malori kuchomwa moto kabla hawajaokolewa na jeshi. Wanaobeba shaba wanajua kwamba mzigo wao unawindwa, na wanajua pia kwamba gari likiporwa, mshukiwa wa kwanza kukamatwa ni dereva. Anashikiliwa katika kituo cha polisi cha nchi ya watu, mara nyingine bila simu na bila wakili, na mtu wa kampuni akifika, anafika kwa ajili ya mzigo. Hapo ndipo vijana wengi niliozungumza nao walipoamua. Mmoja aliniambia kwamba hakuogopa majambazi kama alivyoogopa kuachwa.

Kuachwa huko kunaanzia kwenye karatasi. Madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima Aprili 2015, na wakagoma tena mwanzoni mwa Mei, na ingawa lililosikika zaidi lilikuwa ni kupinga kurudishwa vyuoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, dai la mikataba ya ajira lilikuwamo tangu mwanzo. Serikali iliunda kamati, mazungumzo yakafanyika, na mikataba ikaanza kuchapishwa. Lakini mkataba unaosema mshahara mdogo huku sehemu kubwa ya kipato ikiitwa posho unamwacha dereva pabaya kwa namna ambayo haionekani leo. Mchango wa hifadhi ya jamii ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida posho ya safari haiingii katika hesabu hiyo. Hivyo mtu aliyezungusha mamilioni mikononi kwa miaka 25 anastaafu kwa pensheni ya mshahara wa kwenye karatasi, akiwa na mgongo uliochakaa, macho yaliyopungua na mara nyingi kisukari au shinikizo la damu. Tangu mwaka 2015 tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao upo kwa ajili ya mtu anayeumia kazini kama dereva anavyoumia, lakini fidia nayo hutazama kipato kilichoandikwa. Kijana anamwona dereva mzee wa mtaani kwao akiomba nauli, na anajifunza zaidi kutoka kwake kuliko kutoka kwangu darasani.

Niseme kwa kifupi kuhusu mafunzo, kwa kuwa wamiliki wanapenda kuanzia hapo. Ni kweli kwamba kijana mwenye leseni ya daraja E, ile ya malori makubwa, aliyetoka chuoni hajawa dereva wa Kitonga. Zamani njia ilikuwa wazi: alianza kuwa utingo, akafunga turubai, akabadilisha matairi, akasikiliza injini kwa miaka miwili au mitatu, akapewa usukani kwenye tambarare, na mwisho akapewa mlima. Siku hizi kampuni nyingi zimeondoa utingo ili kupunguza gharama, halafu zinatangaza nafasi kwa mwenye uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu huo umepatikana wapi? Tumeivunja ngazi, nasi tunashangaa kwamba hakuna anayepanda. Gharama ya kumrudisha utingo ni ndogo kuliko gharama ya kichwa kimoja cha lori kilichopinduka, na pia dereva asiye peke yake porini ni dereva anayeweza kulala.

Na wanawake, ambao wangeweza kuwa sehemu ya jibu, tumewafungia mlango kwa mambo madogo ya aibu. Hakuna maegesho mengi katika njia hii ambayo mwanamke anaweza kuoga na kulala bila hofu. Kwa kweli hata wanaume hawapati huduma hiyo, ila wamezoeshwa kutolalamika.

Wazee wetu husema kazi mbaya si mchezo mwema, na vijana wengi wameingia katika malori kwa imani hiyo. Lakini kazi mbaya huvumilika pale tu inapolipa kwa uhakika. Wanakokwenda wakiacha masafa marefu kunatufundisha jambo. Baadhi wanakwenda kuendesha malori Ghuba, ambako joto ni kali na upweke ni mkubwa zaidi. Wengine wanaendesha tipa za mchanga hapa hapa mjini kwa fedha pungufu, na wakiulizwa wanajibu kwamba wanalala nyumbani na wanajua Jumamosi watapokea nini. Hawa hawakukimbia ugumu, maana tipa la mchanga si kazi nyepesi. Walitafuta kazi ambayo siku ikipita imehesabiwa.

Ninawaelewa wamiliki, na ningekuwa sitendi haki nisipolisema lao. Wengi wenu humu mna gari moja au mawili mliyoyanunua kwa mkopo. Bei ya kusafirisha mzigo inashushwa na madalali wanaowashindanisha ninyi kwa ninyi, mafuta yamepanda, vipuri vinanunuliwa kwa dola, na mzigo wa kurudi hauna uhakika. Mkiambiwa mwongeze posho, mnauliza itoke wapi, na swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba isitoke mfukoni mwenu. Itoke kwa yule anayesababisha gari kusimama. Mgodi unaotumia malori ya watu kama ghala la bure kwa wiki mbili unapaswa kulipia ghala hilo, na wakala ambaye nyaraka zake zilifika baada ya gari kufika anapaswa kulipia uzembe wake. Lakini hamtaweza kuwadai hao mkiwa mmoja mmoja, kwa sababu atakayeandika kifungu hicho peke yake atanyimwa mzigo na jirani yake ataupokea. Mtaweza mkiandika wote kwa pamoja.

Kwa hiyo ninaomba mkutano huu uamue jambo mahususi. Kila mkataba wa kusafirisha mzigo utakaosainiwa na wanachama utaje muda wa kusubiri usio na malipo, na napendekeza uwe saa 48 kwa kila mahali pa kupakia, kuvukia mpaka na kushushia. Baada ya hapo tozo ya kila siku ianze, na sehemu ya tozo hiyo, ambayo kiwango chake kitapatanwa kati ya wamiliki na wawakilishi wa madereva, iandikwe kuwa ni ya dereva, na ilipwe pamoja na mshahara ili ihesabiwe katika michango yake ya hifadhi ya jamii. Ushahidi hautasumbua. Magari karibu yote yanayokwenda nje ya nchi yana vifaa vya kufuatilia mwendo, na vifaa hivyo vinajua gari lilisimama wapi, saa ngapi, na kwa muda gani. Mpaka leo tumevitumia kumshitaki dereva aliyezidisha mwendo au aliyepinda njia. Vitumike pia kumpatia haki yake ya siku alizosimama.

Najua mtaniambia kwamba foleni ya mpakani haina mwenyewe wa kutozwa. Mara nyingine ni kweli, kwa mfano mfumo wa forodha unapozimika au nchi jirani inapofunga mpaka bila taarifa. Kwa hali hizo napendekeza dereva alipwe posho ya kujikimu kwa kila siku inayozidi, hata kama ni ndogo, na chama kiweke kumbukumbu za siku hizo kwa kila mpaka na kuzipeleka wizarani kila robo mwaka. Serikali inasikiliza zaidi inapoletewa hesabu kuliko inapoletewa malalamiko.

Rasimu ya kifungu hicho imekwishagawiwa, na iko katika ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Imeachwa wazi katika sehemu mbili, ya kiwango cha tozo na ya fungu la dereva, kwa kuwa sikuona ni haki kuyajaza mambo hayo peke yangu. Ninawaomba wamiliki wasiondoke baada ya chakula cha mchana, na ninawaomba madereva wachague watu wao watatu sasa hivi, ili mazungumzo ya kuzijaza nafasi hizo yaanze saa nane kamili katika ukumbi huu huu.

Asanteni kwa kunisikiliza.